Turbo Kwenye Upepo wa Chumvi

Bisibisi iliingia hadi mpinini. Nilikuwa naigonga kwa kiganja tu, chini ya kizingiti cha mlango wa dereva, pale ambapo rangi ilionekana nzima, chuma kikaachia kama ganda la muhogo mbovu. Nilipoichomoa, mchanga ukamwagika. Mchanga mweupe wa ufuoni, uliokaa humo miaka na mikaka ukinyonya unyevu.

Gari lenyewe ni Datsun 1200 Coupe, la milango miwili, toleo la kati ya 1970 na 1973. Nililikuta Msambweni chini ya mwembe, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Mzee aliyeniuzia alipomsikia fundi wangu akilitaja jina alicheka: “Kupe? Basi litakunyonya, mwanangu.” Limeninyonya kweli. Lakini anayetaka gari la zamani hapa Kenya hutafuta chini ya miembe, kwa sababu magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka nje hayatakiwi kuzidi miaka 8.

Wakisikia nimelifungia turbo, watu huuliza turbo tu: ya gari gani, inasukuma kiasi gani. Nitafika huko. Ila katika kazi yote iliyofanyika uani kwangu Ukunda, Diani, turbo ilikuwa sehemu rahisi.

Gari hili halina chasi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasi, na vizingiti viwili vya chini ya milango ndivyo mgongo wake. Ukivikata kabla ya kulishika gari, linakatika kiuno na milango haifungi tena maishani. Tulililaza juu ya magogo, tukalisawazisha kwa pima maji, tukachomelea mabomba ya mraba kukatiza nafasi ya kila mlango, ndipo tukakata. Bati jipya ni la geji 20, takriban milimita 0.9. Mashine ya vijiti hulitoboa bati jembamba hivyo, kwa hiyo tulitumia ya waya na gesi, na hapo kaskazi ikatuonea. Upepo hupeperusha ile gesi inayoulinda mshono, mshono ukatoka na vitundu kama chila. Tulitundika turubai upande wa bahari, tukapiga nukta moja huku, nyingine kule, ili joto lisikae mahali pamoja bati likajikunja.

Kisha kuna kosa ninaloliona mara nyingi huku Pwani: kutu inasuguliwa asubuhi, jioni fila imeshapakwa. Chumvi haitoki kwa msasa. Inabaki katika vishimo vidogo vya chuma, inavuta maji kutoka hewani kupitia rangi, na baada ya masika mawili malengelenge yamejaa. Dawa yake ni kuiosha, tena kwa maji yasiyo na chumvi, na hilo si jepesi Diani ambako visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya munyu. Ukioshea hayo unarudisha ulichokitoa. Sisi tulikinga mvua kwenye pipa. Fundi wa bodi alikuwa na kipimo chake: chuma kikikauka anapitisha kidole, anakilamba. Mara ya kwanza alitema. Mara ya pili alitikisa kichwa. Mara ya tatu alisema “haya,” na praima ya epoksi ikapulizwa saa hiyo hiyo. Rangi ya juu ilifuata saa nne asubuhi, umande umekwisha na thina ni ya kukauka polepole, maana ya haraka kwenye unyevu huu huacha ukungu mweupe.

Sasa turbo. Ni magurudumu mawili ya mapezi kwenye mhimili mmoja: moshi wa ekzosi unazungusha moja, jingine linasukuma hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alikata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Sisi tuliliona likishinda Safari Rally mara ya kwanza mwaka 1984, Björn Waldegård akiwa kwenye Toyota Celica Twincam Turbo. Kabla yake Datsun ndizo zilizotamba, 240Z mwaka 1971 na 1973, kisha Violet ya Shekhar Mehta miaka 4 mfululizo hadi 1982, zote zikivuta hewa kwa pumzi zao wenyewe.

Kwa mtu wa Nairobi turbo ni haki. Kwenye mita 1,700 hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 18, na injini inakosa kiasi hicho hicho. Diani tuko usawa wa bahari, hewa imejaa, hakuna cha kufidia. Turbo hapa ni anasa, na anasa hiyo inatozwa kodi ya joto.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya uani ina nyuzi 32. Ukiiongezea nusu ya shinikizo la kawaida la hewa, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 65, inatoka ikiwa na nyuzi 89 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ile nusu uliyodhani umeongeza ni kama asilimia 26 tu. Ukiipitisha kwenye interkula inayoondoa asilimia 60 ya joto lililoongezeka, inashuka hadi nyuzi 55 na faida inafika asilimia 39. Kwa maoni yangu, anayefunga turbo Pwani bila interkula amenunua kelele.

Turbo yenyewe ni CT9, iliyotoka kwenye Starlet Glanza yenye injini ya sentimita za ujazo 1,331. Injini yangu, A12, ni ya 1,171, kwa hiyo zinakaribiana. Za Subaru ni rahisi kupata, lakini zimezoea lita 2 na zingechelewa kuamka. A12 ni injini ya kizamani, vali zinasukumwa na fimbo, ila krankshafti yake inashikwa na beringi kuu 5, ndiyo maana inavumilia.

Mgandamizo wa kiwandani ni 9 kwa 1, mwingi mno kwa kazi hii. Kuushusha hadi 8 kunahitaji nafasi ya sentimita za ujazo 5.2 zaidi kwa kila silinda. Wengine huweka gasketi mbili za silinda hedi, na baada ya mwezi wanabadilisha zote mbili. Sisi tulipima unene wa pistoni, kisha tukachonga kisahani cha upana wa milimita 60 na kina cha milimita 1.8 juu ya kila moja, kingo zikabaki zilivyokuwa.

Petroli ndiyo iliyoniangusha. Turbo ikisukuma hewa kupitia kabureta, hewa hiyo inaisukuma petroli irudi ilikotoka, kwa hiyo shinikizo la petroli lazima lipande pamoja na la turbo. Kidhibiti chake hupata habari kwa kimpira chembamba kutoka mdomoni mwa kabureta. Kimpira hicho nilikichomeka kwa mkono bila klipu, kwa haraka ya kutaka kujaribu gari. Kilichomoka karibu na Gazi nikiwa kwenye kasi. Petroli ikapungua, hewa ikazidi, nikasikia injini ikigonga kama kokoto kwenye mkebe. Nilidhani ni barabara. Pistoni ya tatu ilivunjika ukingo wa ringi, na nililikokota gari nyumbani nyuma ya pikapu ya samaki.

Safari hii kimpira kina klipu mbili. Niliiweka kando plagi nyeupe ya silinda ile, iko dirishani. Na taiming ya moto inarudishwa nyuma digrii 7 turbo ikiwa imejaa.

Juzi nilipandisha kutoka Kombani hadi Kwale mjini saa saba mchana, kipimajoto kikiwa baada ya interkula. Mshale haukuvuka 60. Kurudi nilipita njia ya bahari, upepo umechafuka, kioo kikawa na utando wa munyu. Nilipofika sikufungua boneti. Nilichota maji ya pipa, nikamwagia chini ya vizingiti, nikasubiri vikauke, nikapitisha kidole.