Ratiba ya jangwani huanzia langoni

Anayepeleka kikundi cha wageni kwenye jangwa la New Mexico, Marekani, haanzi kupanga ratiba na siku ya kwanza. Huanza na lango. Lango la Stallion, kaskazini mwa uwanja wa kijeshi wa White Sands, hufunguliwa kwa umma siku moja au mbili tu kwa mwaka, na ndani yake ndipo bomu la kwanza la nyuklia lilipolipuliwa alfajiri ya Julai 16, 1945. Jeshi likishatangaza tarehe, mengine yote huifuata: vyumba vya kulala mjini Socorro, basi, maji ya kunywa.

Kwa kuwa siku ya lango ni Jumamosi, Ijumaa hubaki kwa ajili ya VLA, mitambo ya darubini ya redio iliyo kilomita 80 hivi magharibi mwa Socorro. Nadhani mpangilio huu ungefaa hata kama kalenda isingeulazimisha. Mtu aliyetoka kusimama mahali pa bomu hana tena sikio la kusikiliza habari za antena.

Na habari zenyewe zinataka sikio. Antena ziko 27, kila moja ina kipenyo cha mita 25 na uzito wa zaidi ya tani 200, nazo hufanya kazi kama darubini moja. Zimepangwa kwa umbo la herufi Y juu ya reli, na huhamishwa. Zikitawanywa hadi upana wa kilomita 36, huona vitu vidogo vya mbali kwa undani. Zikikusanywa ndani ya kilomita moja, hunasa mawingu hafifu ya gesi yaliyotanda angani. Mzunguko mzima wa kuhama huchukua miezi 16. Hapa ndipo mwongozaji makini anapojulikana. Tarehe ya lango hawezi kuichagua, kwa hiyo huangalia mapema antena zitakuwa wapi. Zikiwa zimetawanyika, wageni wanaotegemea ile picha ya antena zilizosongamana watanung'unika, isipokuwa wameambiwa kabla, na basi likasimama pale barabara kuu ya 60 inapokatiza reli. Simu zizimwe, mawimbi yake huvuruga kazi.

Jumamosi ni ngumu zaidi, kwa sababu Trinity, mahali pa mlipuko ule, hapana mengi ya kuona: mnara mfupi wa mawe ya volkano, uzio, picha za zamani. Mchanga ulioyeyuka ukawa kioo cha kijani uliondolewa kwa sehemu kubwa, na kuokota vipande vilivyobaki ni kosa la jinai. Mionzi ndiyo huulizwa kwanza, na jibu ni fupi: saa moja pale humpa mtu mionzi kidogo kuliko safari ya ndege ya kuvuka Marekani.

Wengi hukimbilia mnara, kisha nyumba ya shamba ya McDonald, kilomita tatu kutoka hapo. Mimi ningegeuza. Katika chumba cha kulala cha nyumba ile ndimo kiini cha plutoniamu kilipounganishwa. Anayeanzia hapo hufika mnarani akijua ni kitu gani kilichosafirishwa, na kwa mikono ya nani.

Kasoro kubwa ya ziara nyingi za aina hii ni mipaka ya simulizi. Nje ya lango, siku za wageni, husimama watu wa bonde la Tularosa na mabango yao. Familia zao ziliangukiwa na majivu bila kuonywa; jeshi lilitangaza kwamba ghala la risasi limelipuka. Sheria ya fidia ya 1990 iliwaacha nje, wakaingizwa 2025 tu. Basi huwapita.

Upande wa pili wa simulizi uko Katanga, nchini Kongo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimeshafika New York mwaka 1940, zikiwa zimepelekwa na Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière. Wachimbaji Wakongo hawatajwi kwenye ule mnara. Kutoka langoni hadi Trinity ni kilomita 27 za mchanga na vichaka, na wageni huzipita wakichezea kamera. Muda huo unatosha kuwasimulia habari za Tularosa na za Likasi, tena basi lina kipaza sauti.