Mistari Laki Tatu, Diski Moja

Mwenye duka moja la jumla hapa Gitothua, Ruiru, alikuwa tayari kununua seva mpya. Kila mwisho wa mwezi karani wake hupakua taarifa za malipo ya M-Pesa na kuziingiza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na kazi hiyo ilikuwa ikila asubuhi nzima. Nilimsihi asubiri.

Tuliitazama mashine ikiwa kazini. Prosesa imetulia, kumbukumbu imebaki tele, lakini diski haipumui. Programu ilikuwa ikituma INSERT moja kwa kila mstari, na kila INSERT ni muamala unaojitegemea. PostgreSQL haiukubali muamala mpaka habari zake ziandikwe diskini kikweli. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hupiga mizunguko 120 kwa sekunde, na miamala ikija mmoja mmoja, kila mmoja hula karibu mzunguko mzima. Chukua mfano: sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru. Kuwaandika wote kwa mtindo huo, mstari mmoja kwa kila mtu, ni zaidi ya dakika 50 za kuingoja diski tu. Ni kutuma lori machimbo ya Ndarugo lirudi na jiwe moja.

Kufunga maelfu ya mistari ndani ya BEGIN na COMMIT kungetosha kuondoa sehemu kubwa ya tatizo. Sisi tulichagua COPY, inayosoma faili zima kwa amri moja. Ila karani huweza kupakua siku zilezile mara mbili, na COPY ikikuta namba ya risiti iliyokwisha kuingia, huangusha kazi yote. Kwa hiyo faili huingia kwanza kwenye jedwali la mapokezi lisilo na masharti, kisha INSERT moja yenye ON CONFLICT DO NOTHING huhamisha risiti mpya pekee. Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, maana kasi inayoleta malipo maradufu haimfai mfanyabiashara.

Faharasa nazo zina gharama: kila mstari mpya huandikwa katika kila faharasa. pg_stat_user_indexes ilituonyesha zile ambazo hazikuwahi kusomwa na ripoti yoyote, tukazifuta.

Wenye seva za kukodi Ulaya wana adui mwingine. Safari ya kila amri kwenda kwenye seva na jibu kurudi ikichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, mistari ileile 371,111 ikitumwa mmoja mmoja ni zaidi ya saa 10, hata diski iwe ya kasi namna gani.

Wapo wanaoshauri kuzima fsync, ile hatua inayohakikisha habari zimefika diskini. Nakataa kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hifadhidata nzima yaweza kuharibika. Kuzima synchronous_commit ni afadhali: hupoteza miamala ya mwisho tu, na faili la mwezi bado lipo, linaingizwa upya.