Ya Kale Si Dhahabu Yote

Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Sisi wa Mara tunaijua dhahabu. Pale Buhemba, wilayani Butiama, mchimbaji hupasua mwamba, huusaga, huuosha, na mwisho hupata chembe chache. Sehemu kubwa ni kifusi. Ningependa kuzipima nyimbo za dansi za zama zetu kwa mizani hiyo hiyo. Redio huziita “zilipendwa”, jina ambalo mimi, kama mwalimu, siliafiki. Kiambishi -li- hueleza jambo lililopita. Kinachopendwa hadi leo kinapendwa, hakikupendwa tu.

Tumchukue Mbaraka Mwinshehe. Alivuma na Morogoro Jazz. Mwaka 1970 alipiga gitaa kwenye maonyesho ya Expo mjini Osaka, Japani. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Hata hivyo, ndani ya basi la Musoma kwenda Bunda nimemsikia kondakta, kijana ambaye pengine hata mama yake alikuwa hajazaliwa wakati huo, akiimba “Shida” neno kwa neno. Kijana huyo hakuwa akikumbuka ujana wake. Kwa hiyo wanaodai kwamba nyimbo hizi zinaishi kwa sababu wazee tunakumbuka ujana wetu hawajatoa jibu kamili.

Jibu langu ni kwamba nyimbo hizi zilimpa msikilizaji nafasi. Santuri ndogo ya zama zile ilikuwa na pande mbili, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa humo. Upande wa kwanza mwimbaji alieleza shauri lake bila haraka. Upande wa pili maneno yalipungua, magitaa yakapokea, na msikilizaji akabaki kulitafakari shauri lile huku akicheza. Kwa masikio ya huku kwetu jambo hilo halikuwa geni. Mpiga iritungu wa Kikurya naye huimba, kisha nyuzi zikamjibu. Gitaa la umeme lilikuwa geni. Adabu ya kusema na kujibiwa tulikuwa nayo.

Ndiyo maana NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliweza kubadili jina mara kadhaa hadi kuwa Msondo Ngoma bila kupoteza wapenzi. Ndiyo maana pia Remmy Ongala alieleweka mbali. Albamu yake na Super Matimila, “Songs for the Poor Man”, ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis ya Uingereza.

Lakini kifusi kipo. Ziko nyimbo nyingi ambamo kila kosa la nyumbani hubebeshwa mwanamke: ameharibiwa na jiji, amependa fedha, amesahau kwao. Magitaa ni matamu, shauri ni bovu. Nimewasikia wazee wenzangu wakizitumia kuwasuta binti zao, na wakisisitiza kwamba huo ndio muziki wenye mafunzo.

Rika letu linapungua. Tukiwarithisha vijana nyimbo hizi kwa hoja ya ukale peke yake, zitazikwa pamoja nasi. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipochapisha “Mabepari wa Venisi” mwaka 1969, hakumweka Shakespeare kabatini kama kitu cha kale. Alimpa kazi mpya katika lugha yetu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mwalimu wa ushairi awapigie wanafunzi “Kifo” ya Remmy bila kuwatajia mwaka wala kuwaambia kwamba ni wimbo mkubwa. Kisha awaulize: huyu anayesema ana uchungu gani, na anataka nini? Wakibishana hadi kengele ilie, wimbo ule ni wao pia. Wakipiga miayo, nasi tukubali, hata kama tuliupenda.