Mizuka 999 isiyodai kitu

Nianze na hukumu, halafu tubishane. Haunted Mansion, ile nyumba ya mizuka iliyomo Disneyland, California, ni kazi bora ya fizikia iliyofungwa ndani ya hadithi tupu. Nikisema tupu simaanishi mbaya. Utupu wake umepangwa, na ndio unaoifanya ifanye kazi. Ila mtu wa Rufiji akiitazama lazima atauliza: mizuka hiyo ni ya akina nani, na inataka nini?

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, nyumba hiyo ilifunguliwa tarehe 9 Agosti 1969. Nje ilikuwa imemalizika tangu 1963, ikakaa miaka sita imefungwa huku wabunifu wakivutana kuhusu cha kuweka ndani. Claude Coats alitaka giza na hofu, Marc Davis akataka vichekesho. Walt Disney, ambaye angekata shauri, alifariki Desemba 1966. Matokeo yake unayaona ukitazama video za safari nzima (California sijafika, ila video hizo nimezitazama saa nyingi kuliko ningependa msimamizi wangu ajue): unakaa kwenye kigari cheusi kisichosimama, nusu ya kwanza inatisha, nusu ya pili ni sherehe.

Sehemu ninayoihusudu ni chumba cha mwanzo. Mnasimama ndani, milango inafungwa, picha za ukutani zinaanza kurefuka, na radi inapopiga mnaona juu kabisa maiti ya mwenyeji wenu ikining'inia kwenye kamba. Kumbe chumba ni lifti! Jengo lenye mchezo wenyewe liko nje ya tuta la reli inayoizunguka bustani, kwa hiyo watu lazima washushwe wapite chini ya reli. Lilikuwa tatizo la usafiri tu, wao wakaligeuza tukio. Nyumba ya pili, iliyofunguliwa Florida mwaka 1971, haihitaji kushusha mtu, hivyo pale dari ndiyo inayopanda. Watu wanatishika vilevile.

Halafu kuna ukumbi wa dansi. Umewahi kupanda basi la Lindi jioni? Likishapita Kibiti, giza likiingia na taa za ndani zikawashwa, tazama dirishani: uso wako unaelea nje, juu ya mikorosho. Kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 8 ya mwanga unaokipiga wima, na sehemu kubwa ya uliobaki hupita. Mchana hiyo 8 humezwa na mwanga wa nje; usiku ndiyo inayoshinda. John Henry Pepper aliionyesha hila hii jukwaani London mwaka 1862, akiendeleza wazo la Henry Dircks. Katika Haunted Mansion, meza na viti viko ng'ambo ya kioo kikubwa, na wanasesere wanaocheza wako upande wako, juu na chini ya njia ya vigari, wamefichwa usiwaone moja kwa moja, wakimulikwa. Unachoona ni akisi zao juu ya viti vya kweli. Zima taa, mzuka hayupo. Na kwa kuwa akisi hugeuza kulia kuwa kushoto, wanawake ndio wanaoonekana kuwaongoza wanaume kwenye dansi. Walikuacha hivyohivyo, nami nakupenda.

Sasa hadithi. Kwa maelezo ya nyumba yenyewe, mizuka 999 imekuja kutoka pande zote za dunia kupumzika humo, na kuna nafasi ya mmoja zaidi, ambaye huenda ni wewe. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Mwaka 2006 walijaribu kuongeza: bibi harusi wa darini, ambaye awali hakuwa na maelezo zaidi ya moyo unaong'aa na kudunda, akapewa jina, waume watano na shoka. Kwangu waliharibu. Moyo ule ulikuacha ujiulize. Shoka lilikujibu kabla hujauliza.

Kwa nini utupu unafaa? Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu 110 waliopita katika nyumba ya kutisha mjini Vejle wakiwa wamefungwa vipima mapigo ya moyo. Furaha haikuongezeka sambamba na hofu. Mchoro wake ulikuwa kama bakuli lililofunikwa: hofu kidogo inachosha, hofu nyingi inakera, ya katikati ndiyo tamu. Hofu ya kuchezea inahitaji kipimo, na mlango wa kutokea unaojulikana. Mtu aliyekuwa Kibiti au Ikwiriri kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji na polisi walipokuwa wakiuawa, hahitaji kuelezwa tofauti. Moyo ulidunda uleule, ila hakukuwa na kigari cha kukutoa upande wa pili.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Mzuka huzuka tu, hauna kwao. Mzimu una ukoo, una mahali, na una madai: umesahauliwa, haujatolewa sadaka, kuna jambo halijamalizwa. Vijana wa mjini wanaposema wana "mzuka" wanamaanisha wamechangamka, na kwa kweli hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa pale California. Wabunifu walichuja mizimu yote wakabakiza mizuka. Angalia ilipo: nyumba imejengwa katika sehemu inayoigiza New Orleans ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji uliokuwa soko kubwa kuliko yote la watumwa Marekani. Katika 999 huoni hata mmoja wa waliouzwa. Angekuwemo, ile dansi ya kuchekesha isingewezekana. Hapo ndipo sifa ya nyumba hii na aibu yake vinapokutana.

Nasi tuna nyumba yetu ya kulinganisha. Ngarambe, huko Rufiji, Kinjikitile Ngwale aliingiwa na mzimu wa Hongo mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba alizama majini, akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-nungu, nyumba ya Mungu, kwa ajili ya wazee waliotangulia, na watu walitembea kutoka mbali kwenda huko na sadaka zao. Hakukuwa na kioo wala lifti. Hadithi ilibeba kila kitu, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa na babu yake mle, na babu alikuwa na la kusema kuhusu kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Julai 1905 Maji Maji ikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Ukishajua hilo, ile maiti ya kwenye dari ya California inakuwa ngumu kuichekea. Kwa bahati tu, mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile, na humo hakuna mzuka wa kupita na kwenda zake.

Mada ya utalii wa kusini ikiibuka, hakosi mtu wa kusema tujenge cha kutisha kama chao. Kwa Ngarambe jibu langu ni hapana. Huwezi kuwapandisha watu kigari mbele ya wazee wao. Delta, hapo tunaweza kuzungumza. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ile hadi Waingereza walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Giza, maji ya kupwa na kujaa, mifereji inayofanana yote: Coats angeipenda. Mizinga yake iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha. Ila kabla ya kuagiza vioo, kumbuka mashine za meli hiyo zilipoharibika zilikokotwa na watu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha zikakokotwa kurudishwa. Nahodha tunamjua, Max Looff. Waliokokota hawana majina kwenye kitabu chochote nilichosoma, na nahisi wajukuu wao bado wako Kibiti. Mbunifu aanze kwa kubisha hodi kwao.