Aliyevaa, Aliyeona na Aliyefumbua: Kejeli ya Majina ya Leso na Mipaka ya Mhakiki

Bila shaka umewahi kutunga au kujibu swali la aina hii: "Eleza dhima tano za majina ya leso katika jamii ya Waswahili." Mtahiniwa aliyeandaliwa vyema huandika bila kusita kwamba majina haya huelimisha, huonya, huburudisha, huhifadhi utamaduni na hukuza lugha. Anapata alama zake zote kumi. Mimi pia nimezitoa alama hizo kwa miaka kadhaa, tena kwa furaha. Katika makala haya nadai kuwa jibu hilo, ingawa si la uongo, limeruka jambo kuu. Majina mengi ya leso huchaguliwa ili yamchome mtu. Uhakiki unaolikwepa hilo huwafunza wanafunzi kuhusu kitambaa, wala si kuhusu fasihi.

Anayetaka kulithibitisha hili na aende Biashara Street, hapa kisiwani Mombasa, wiki moja kabla ya harusi au kabla ya Idi. Leso zimetundikwa kuanzia mlangoni hadi dari, na mafundi wa cherehani wako barazani wakisubiri kukata doti na kupinda ncha. Mnunuzi huangalia rangi, hupapasa kitambaa, kisha huuliza swali ambalo ndilo hasa lililomleta: "Hii yasemaje?" Mwenye duka humsomea. Nimeona leso ya rangi ya kupendeza ikirudishwa rafuni kwa sababu jina lake lilikuwa la upole mno kwa kazi iliyokusudiwa. Mtaa huu ndio wenye duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kote pwani kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla." Inasemekana kwamba ni nyumba hiyo iliyoanza kuandika majina kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Biashara ya majina, basi, ina zaidi ya miaka mia moja.

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Fanani wa jina hilo hajulikani. Limechapishwa kwa maelfu, na yeyote mwenye pesa anaweza kulinunua. Hapa ndipo uhuru wa kusema unapopatikana kwa njia ambayo mwanasheria hawezi kuifikiria. Mwanamke anayepita mbele ya mlango wa jirani yake akiwa amejifunga leso iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" hakufungua kinywa. Maneno si yake, ni ya kiwandani. Hakumtaja mtu. Na kama jirani atatoka nje kuuliza, "Ni mimi unayeniambia?" amejitia kitanzi mwenyewe, kwa maana amekiri kwamba lile jina limemfaa. Waswahili husema mso hili ana lile, na usemi huo wenyewe umewahi kuwa jina la leso. Saida Yahya-Othman aliandika mwaka 1997 juu ya majina ya kanga (ndivyo wenzetu wa Unguja na bara wanavyoiita leso) akiyahusisha na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Makala yake yafaa kusomwa na kila mwalimu wa fasihi simulizi, hasa sisi wanaume, ambao kwa kawaida huona maua ya kwenye mji wa leso na kuishia hapo.

Nasema "sisi wanaume" kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nitalisimulia, nikiwa nimebadilisha mambo madogo madogo ili wahusika wasitambulike.

Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi: kila mmoja akusanye majina kumi ya leso, aeleze maana na muktadha wa matumizi. Nilitarajia waende Biashara Street na kunakili yaliyo madukani, na wengi walifanya hivyo. Mmoja hakwenda mbali. Alinakili jina hilo nililolitaja la nyota kutoka kwenye leso ya shangazi yake, na katika safu ya muktadha akaandika kwamba ilivaliwa siku mke wa pili wa mume wa shangazi alipohamia nyumba ya jirani, ikarudiwa kuvaliwa Ijumaa tatu mfululizo. Mwalimu gani wa fasihi hangefurahia jibu kama hilo? Lilikuwa bora kuliko majibu yote ya darasa. Nililisoma kwa sauti, pamoja na muktadha wake, nikatia na mizaha yangu juu ya hizo Ijumaa tatu. Darasa likaangua kicheko. Sikujua kwamba binti wa huyo mke wa pili alikuwa ameketi safu ya tatu.

Siku ya pili mamake alikuja. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa, akakataa chai, akaniambia: "Mwalimu, leso ile niliiona tangu siku ya kwanda. Si neno. Mimi nami nilishuka Biashara Street nikanunua yangu, nikamvalia, akaiona. Tukawa sawa, twasalimiana. Sasa weye umenisomea mbele ya watoto wa watu. Weye nikujibu kwa leso gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na binti yake pia nilimwomba, lakini swali lake limekaa nami kuliko kitabu chochote cha nadharia nilichosoma chuoni. Angalia alivyopanga hoja zake. Hakulalamika kwamba leso ya mwenzake ilikuwa na maneno makali, wala hakutaka majina kama hayo yapigwe marufuku. Kejeli ile aliipokea kama kejeli na akaijibu kwa chombo kile kile, kwa bei ile ile, katika mtaa ule ule. Kilichomdhulumu ni ufafanuzi wangu. Mke wa kwanza alikuwa amesema bila kusema. Mimi nilisema kweli kweli. Nililiondoa fumbo, na lilipoondoka fumbo, ziliondoka pia kinga zote mbili: ya msemaji, ambaye angeweza kukana, na ya msemwa, ambaye angeweza kupita kama hakuona. Tena nilisema kutoka mahali ambapo yeye hana nafasi ya kujibu, mbele ya ubao.

Tumezoea kuwafunza watahiniwa kwamba kazi ya mhakiki ni kufumbua. Hatuwaambii kuwa kufumbua nako ni tendo, na lina mwathiriwa wake.

Suala la kujibiwa ndilo ningependa ulichukue, msomaji, unapohakiki kejeli ya aina yoyote. Fasihi yetu ya pwani haikuwahi kuwa na adabu ya kimya. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mombasa kati ya takriban mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi ya kuwacheza shere watu wa Lamu wakati wa uhasama wa enzi za vita vya Shela, na Lamu nayo ilimtoa Zahidi Mngumi akajibu. Hata leo tukisoma tungo za pande mbili hizi hatuoni aliyeonewa. Tunaona mafahali wawili. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana, na chama kilichoimbwa leo kilikuwa na usiku wake wa kuimba. Malumbano ya utani, tunayoyafundisha katika fasihi simulizi, yana sharti hilo hilo: mtani wangu ana haki ya kunitukana kwa kuwa nami ninayo. Mtu asiye mtani akirudia maneno yale yale neno kwa neno, huwa ametukana. Matusi hayajabadilika hata herufi moja; uhusiano ndio uliobadilika.

Kwa kipimo hiki tunaweza kuamua mambo mengine yanayotusumbua darasani. Chukua maneno kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo. Yanatumia kiambishi ki-, kile kile cha kudunishia tunachokiona katika kitoto na kijitu, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai. Wapo walimu wanaoyatetea wakisema ni Kiswahili cha wazee na kwamba hata kiongozi na kijana wana ki- bila kudharauliwa. Hoja hiyo ina nguvu kisarufi. Hata hivyo anayeitwa zeruzeru hana neno la kumrudishia aliyemwita. Hakuna leso yake madukani. Ndiyo maana tasfida kama "mtu mwenye ualbino" au "mtu asiyeona" hainionekani kuwa ni kujikweza kwa watu wa ofisini, kama wenzangu wengine wanavyodai. Katika mzaha wa namna hii upande mmoja tu ndio wenye silaha.

Hali ya vichekesho vya runinga ni tata zaidi. Kundi la Redykulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, na nchi nzima ikacheka. Hiyo ni tashtiti inayopanda juu, ndugu wa ile tunayoikuta katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ambapo Meya Sosi na baraza lake la Cheneo ndio shabaha. Lakini kichekesho chetu kingi cha jukwaani kimejengwa juu ya lafudhi za makabila. Kila jamii ikipewa zamu yake, mimi huona malumbano ya utani yaliyovaa suti. Ila lafudhi moja ikiwa ya bawabu kila siku, na Mpwani akiwa kila siku ni yule wa kulala chini ya mnazi akivuta maneno, zamu imekwisha kuwa ya mtu mmoja. Sisi wa Mombasa tunaujua mzaha huo vizuri. Twaucheka, naam, na baadhi yetu twaucheka kwa sababu aliyeketi kando anatuangalia kama tutacheka.

Je, sheria inatusaidia? Kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha inauondolea uhuru huo uchochezi wa vita na wa ghasia na matamshi ya chuki, na inamtaka msemaji aheshimu haki na sifa za wengine. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliyafanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuharibia mtu sifa kusiwe tena kosa la jinai. Yote hayo ni mema, lakini hayakugusa Ijumaa zile tatu wala kicheko cha darasa langu. Sheria humtafuta aliyetajwa kwa jina, na leso imebuniwa isimtaje mtu.

Wala asielewe mtu kwamba nataka maneno makali yafutwe kwenye uhakiki. Hofu ya kuudhi imeanza kuwaharibia watahiniwa wetu majibu. Nimesahihisha insha ya mtahiniwa aliyeandika kuwa "mhusika alimwambia mwenzake neno lisilofaa," akaishia hapo. Neno gani? Alisema nani, kwa nani, ukurasa upi? Mwandishi aliyemfanya mhusika wake atukane alikuwa anatujengea mhusika, na tusi lile ndilo ushahidi. Linukuu, liwekee alama za kunukuu, onyesha linavyomfichua aliyelisema. Mtahini hakutafuti wewe adabu yako. Anatafuta iwapo umeiona kazi ya neno. Mhusika wa kitabuni, tofauti na mama aliyekaa mbele yangu akikataa chai, hana mtoto safu ya tatu.

Kwa hiyo, ukiulizwa dhima za jina la leso, zitaje hizo tano ikiwa zinahitajika, lakini usiache kuonyesha nani kavaa, mbele ya nani, siku gani, na kama aliyelengwa anaweza kujibu. "Wema hauozi" ikipewa bibi harusi na mamake ni baraka. Ikivaliwa mbele ya mtu aliyekopa na hakulipa, ni hati ya madai. Jibu linaloonyesha tofauti hiyo nitalipa alama kabla ya lile lenye orodha.

Zoezi lenyewe sijaliacha. Nililibadilisha: majina hukusanywa kutoka kwenye leso zilizotundikwa madukani, si zilizo miilini mwa watu wala kwenye kamba za kuanikia, na safu ya muktadha hubuniwa na mwanafunzi. Mwaka uliofuata nililigawa kwa mara ya kwanza katika sura hiyo. Wiki hiyo hiyo palikuwa na mkutano wa wazazi, na yule mama alikuja, akaketi mbele, na leso mabegani. Jina lilikuwa limeangalia upande wangu: "Mwenye kovu usidhani kapoa." Huenda ilikuwa ya nyumbani kwake, huenda aliipenda rangi. Tulisalimiana, nikamuuliza hali ya watoto, akanijibu ni wazima.