Injini Haikosi Shabaha

Kimetufikia mezani kijitabu cha utunzaji wa magari, kilichotafsiriwa kwa ajili ya madereva na mafundi wa idara moja ya serikali. Nia ya mfasiri ni njema, na sarufi yake haina dosari kubwa. Lakini sura ya nne, ihusuyo hitilafu za injini wakati wa kuwashwa, imetutia mashaka, kwani fundi atakayeifuata neno kwa neno atabadilisha kifaa kizima na kukiacha kibovu.

Kichwa cha sura chasema: "Kukosa Shabaha katika Kuanza kwa Baridi". Shabaha ni ya bunduki. Mfasiri amelichukua neno la Kiingereza kwa maana yake ya silaha, akalitia ndani ya silinda. Hiyo "baridi" nayo yapotosha. Dereva wa Dar es Salaam atadhani sura hii imeandikiwa wenzake wa Njombe na Makete, airuke. Kumbe baridi inayosemwa ni ya chuma. Injini iliyolala usiku kucha Kariakoo huamka na nyuzi 25 hivi za Sentigredi, ilhali joto lake la kazi hukaribia nyuzi 90. Kwa hiyo ni baridi, hata kama dereva mwenyewe anatokwa jasho. Twapendekeza "kuwasha injini ikiwa baridi". Maneno yamezidi, lakini hayamdanganyi mtu.

Mbele kidogo mfasiri ameichoka shabaha, akaanza kuandika "kukosa cheche". Hapa ndipo penye madhara. Silinda yaweza kupata cheche nzuri na bado mafuta yasiwake: pengine petroli haikugeuka mvuke wa kutosha juu ya chuma baridi, pengine hewa ya ziada yapenya kwenye gasketi ya manifoldi, pengine sensa ya joto yaiambia kompyuta ya gari kwamba injini imekwisha kupata moto, nayo ikapunguza mafuta. Iliyo mbaya zaidi ni maji ya rejeta yanayovujia ndani ya silinda usiku kupitia gasketi ya silinda hedi. Asubuhi injini hutetemeka kwa dakika moja, hutoa moshi mweupe, kisha hutulia kana kwamba haikuwa na lolote. Fundi aliyeambiwa "kukosa cheche" atanunua plagi nne mpya, na mwenye gari ataendelea kuongeza maji kila wiki hadi injini iharibike kabisa. Aliyeambiwa "kukosa mwako" hana budi kuuliza kwanza: ni cheche, ni mafuta, ni hewa, au ni mgandamizo?

Basi "kukosa mwako" twaliunga mkono. Wala hatuna ugomvi na gereji, ambako husemwa kwamba injini "inamisi". Kijitabu cha mafundi kingelitaja neno hilo walau mara moja, kando ya lile rasmi, ili msomaji ajue kwamba anasomewa ugonjwa ule ule anaoujua. Ama "kizibo cha cheche", tungependa kumwona mfasiri akikiagiza katika duka la vipuri. Aseme plagi.

"Mchanganyiko tajiri" na "mchanganyiko konda" vilituchekesha, kisha tukajuta, maana tulipotafuta badala yake tulisumbuka. Tulijaribu "mzito" na "mwepesi", tukahofu kwamba msomaji atafikiria oili. Mwishowe tumeridhika na "wenye petroli nyingi" na "wenye petroli kidogo", hadi atakapotokea mwenye jina bora.

Ukurasa wa mwisho wa sura ni mwema kuliko yote. Mfasiri aeleza waziwazi kwamba msimbo P0300 ni wa silinda zinazokosa mwako bila mpangilio, P0301 ni wa silinda ya kwanza, na kuendelea. Kisha aagiza koili ya silinda ya pili ibadilishane mahali na ya tatu: msimbo ukihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ni mbovu, usipohama, ugonjwa utafutwe kwingine. Hapa Kiswahili chake chatembea chenyewe, na yaonekana kazi hiyo aliishuhudia ikifanywa.

Chapa ya pili inatayarishwa. Twaomba sura ya nne irudishwe kwa mfasiri kabla haijapelekwa mtamboni, na safari hii akaisomee gereji, mbele ya mafundi.