Ukurasa Unaosomeka kwa Sauti: Maoni juu ya Kujichapishia Vitabu vya Kiswahili Butembo na Beni

1. Utangulizi

Mtunzi wa Kiswahili aishiye Butembo au Beni, katika Kivu ya Kaskazini, yuko mbali na vituo vyote viwili vya uchapishaji ambavyo vingeweza kumhudumia. Wachapishaji wa Kinshasa hutoa vitabu vyao zaidi kwa Kifaransa. Wale wa Kiswahili wako Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo, akitaka kazi yake isomwe, mara nyingi hana budi kuwa yeye mwenyewe mhariri, msanifu wa kurasa, mgharamiaji na muuzaji.

Ushauri apewao mtunzi wa namna hii, mitaani na hata katika miongozo iliyoandikwa ughaibuni, huanzia kwenye jalada: rangi, picha na karatasi ing'aayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushauri huo umeshika mkia badala ya kichwa. Kwa kitabu cha Kiswahili katika mazingira ya Kongo ya Mashariki, usanifu huanza na namna maneno yanavyotenganishwa, tahajia inavyoshikiliwa na mstari unavyokatwa. Jalada huuza nakala, lakini ukurasa ndio unaoamua kama nakala hiyo itasomwa.

2. Funzo kutoka Elisabethville

Mfano tunaoufahamu vizuri hautoki Kivu, bali Katanga. Mwaka 1965, katika mji ulioitwa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani. Kazi hiyo ilipigwa taipu na kurudufiwa bila mchapishaji yeyote. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, aliitoa upya huko Amsterdam.

Thamani ya andiko hilo haina ubishi: ni historia ya ukoloni iliyosimuliwa na waliopika na kufua nguo katika nyumba za wakoloni. Hata hivyo, kama kitabu, lina kasoro mbili zinazomhusu kila anayejichapishia. Kwanza, jina lake ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, na anayelitazama atadhani ameshika orodha ya msamiati. Pili, mipaka ya maneno, tahajia na alama za uakifishaji hazifuati utaratibu mmoja. Ili andiko lieleweke, ilimlazimu Kalundi Mango alisome kwa sauti na kurekodiwa, kisha usomaji wake uandikwe upya. Yaani, maandishi yalirudishwa kwanza mdomoni ndipo yakafahamika.

Wapo watakaosema kwamba kutokuwa na utaratibu huko ndiyo sauti halisi ya mwandishi, na kwamba kukusahihisha ni kuiua sauti hiyo. Hoja hii ina uzito, na wahariri wa 1990 waliizingatia kwa kuchapisha pia kurasa za asili kama zilivyokuwa. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kuandika *mutoto* na *batoto* ni kuhifadhi lugha ya watu. Kuliandika neno lilelile kwa namna tatu katika ukurasa mmoja hakuhifadhi kitu. Kunamwachia msomaji kazi ambayo ilikuwa ya mwandishi. Wasomaji wa kwanza, walioishi ndani ya lugha ile, huenda waliweza kuifanya kazi hiyo bila taabu kubwa. Msomaji wa mbali, kwa mahali au kwa wakati, hawezi.

3. Hali ya Butembo na Beni

Zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini mwa Lubumbashi, mwandishi wa Butembo anakabiliwa na suala lilelile kwa sura nyingine. Watu wengi wa eneo lake huzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni na safarini, ilhali Kifaransa ndiyo lugha ya elimu ya juu, kikiwemo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989. Hivyo wengi wamezoea kukisikia Kiswahili kuliko kukisoma.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika wakati wa mlipuko wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na jirani zake. Utafiti wa lugha uliofanywa na shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba maandishi ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka vyema kwa watu wengi waliokusudiwa. Karatasi zilichapwa, lakini ujumbe haukufika.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiepukwe. Mtunzi anayetaka kitabu chake kivuke mpaka wa Kasindi na kusomwa Uganda, Kenya na Tanzania ana sababu njema ya kukitumia. Tunalosema ni kwamba uchaguzi huo ufanywe kwa kumfikiria msomaji, ushikiliwe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na utajwe katika dibaji.

4. Mambo ya kuzingatia katika ukurasa

Ofisi ndogo za kuchapa hutumia programu za kompyuta zilizowekwa kwa Kifaransa, na hapo pana mtego. Programu hiyo hukata neno mwishoni mwa mstari kwa kanuni ya Kifaransa, ikitenganisha konsonanti mbili: *nyum-ba*, *kiten-ge*. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Mkato sahihi ni *nyu-mba* na *kite-nge*. Msomaji asiye na mazoea hujikwaa hapo pasipo kujua kilichomkwaza. Dawa ni kuzima ukataji huo.

Aidha, vitenzi vya Kiswahili ni virefu. Mistari ikilazimishwa kulingana pande zote mbili, neno kama *watakapowasimulia* likishuka mstari wa chini huacha mapengo meupe nyuma yake. Ni afadhali kulinganisha mistari upande wa kushoto tu, na kuweka takriban herufi 60 kwa mstari. Kijitabu cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, na pambizo ya ndani iwe pana, maneno yasije yakamezwa na mkunjo.

Ukurasa wa haki usipuuzwe: jina la mtunzi, mji, mwaka, mahali kilipochapwa na toleo la ngapi. Nchini Kongo haki za mtunzi zinalindwa na Sheria-amri Na. 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, lakini sheria humfaa zaidi yule ambaye jina na tarehe yake vinaonekana. Tunaweza kumjadili Yav leo kwa sababu kazi yake ilibeba jina na mwaka.

Mwisho, kabla ya kulipia nakala, rasimu apewe mtu asiyeijua kazi hiyo, aisome kwa sauti mbele ya mtunzi. Kila anaposita pawekewe alama, na pachunguzwe: je, ni neno, ni mkato, au ni koma? Jaribio hili halina gharama, na hakuna jalada linaloweza kuchukua nafasi yake.

5. Hitimisho

Kazi ya Yav ilingoja miaka 25 kabla ya usomaji wa Kalundi Mango kuwafikia wasomaji wa mbali, na ilikuwa na bahati ya kumpata. Vijitabu vingi havitapata bahati hiyo. Mtunzi wa Butembo au Beni, anayelipa kila nakala kutoka mfukoni mwake, hana sababu ya kungoja: usomaji ule ufanyike kabla ya uchapaji. Nazo idara zetu za Kiswahili, ambazo huwafundisha wanafunzi kuchambua wahusika na dhamira, zingefanya vyema kuwafundisha pia kuusoma ukurasa wenyewe, kwani mengi ya yatakayoandikwa na watu wetu yatatoka kwa njia hii.